Jibu: Majaribio yanapita Linux, yanafeli Windows

Ndugu, umeuliza kama ununue kompyuta ya Windows ili ujue kwa nini majaribio ya programu yako yanafeli huko tu. Usinunue. Mradi wako ni huria na uko wazi, kwa hiyo GitHub Actions, huduma ya GitHub inayoendesha majaribio kiotomatiki, itakupa mashine za Linux, Windows na macOS bure. Ziorodheshe kwenye `matrix` (orodha ya mifumo ya kujaribia) katika faili la mipangilio ya huduma hiyo, na uweke `fail-fast: false`, la sivyo moja ikifeli zilizobaki zinakatishwa.

Mimi ningeanza na miisho ya mistari. Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) ya Windows mara nyingi hugeuza LF, alama ya mwisho wa mstari ya Linux, kuwa CRLF, ile ya Windows, na jaribio linalolinganisha maandishi herufi kwa herufi linafeli papo hapo. Weka `* text=auto eol=lf` kwenye `.gitattributes`, faili la mipangilio ya Git, kisha uendeshe majaribio upya. Kagua pia majina ya faili: `Data.txt` na `data.txt` kwa Linux ni faili mbili, kwa Windows ni moja.