Asili ya neno "guagua"

Ndugu, umeuliza kama "guagua", wanavyomwita mtoto mchanga kule Chile na Ecuador, limetoka Hispania. Hapana. Ni "wawa" la Kikechua, lugha ya milima ya Andes. Wahispania walilikuta huko wakaliandika kwa tahajia yao. (Ukifika Cuba, guagua ni basi la abiria, usichanganye.) Kihispania chenyewe huonyesha udogo mwishoni mwa neno, niño ikawa niñito, pale sisi tunapoanza na ki-: kitoto. Meksiko nako mtoto humwita "escuincle", kutoka "itzcuintli", yaani mbwa, la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa huko. Mimi guagua ndilo linalonigusa zaidi. Ecuador, siku ya marehemu, 2 Novemba, huoka hata mikate yenye umbo la mtoto, "guaguas de pan".