Kabla ya kitunguu saumu, angalia tui

Ukitamka tu kwamba umepimwa damu ukakutwa na lehemu (kolesteroli) nyingi, utapewa dawa kabla hujamaliza kusema. Kitunguu saumu alfajiri. Maji ya moto na limau. Mlonge, mdalasini. Shangazi yangu aliniletea chupa ya siki ya tufaha huku akiapa kwamba "inayeyusha mafuta". Sina ugomvi na kitunguu saumu, kwenye pilau nakitaka kwa wingi. Ila damu yangu ilibadilika tulipobadili mapishi, na kilichobadilika zaidi ni tui.

Sisi watu wa Tanga nazi tunatia kila mahali: wali, samaki, kisamvu, magimbi, futari ya viazi vitamu. Basi tujue kwamba katika mafuta ya nazi, zaidi ya asilimia 80 ni mafuta ya aina ile inayoganda, ambayo hulifanya ini lizembee kuondoa lehemu mbaya, yaani LDL, kwenye damu. Katika alizeti ni kama asilimia 11 tu. Mawese yako katikati, karibu nusu. Najua nitasemwa, maana siku hizi mafuta ya nazi yanauzwa kama tiba ya kila kitu. Na yai, ambalo watu hulikimbilia kulilaumu, halina makosa makubwa kiasi hicho, kwa sababu lehemu nyingi mwilini inatengenezwa na ini lenyewe.

Mke wangu alikataa katakata kuifukuza nazi jikoni. Tukapatana: nazi ni Ijumaa na siku ya wageni, siku nyingine alizeti kidogo.

Maharage ndiyo yaliyonifurahisha. Yana nyuzinyuzi zinazoyeyuka, zile zinazofanya mchuzi wake uwe na ule utelezi. Zikifika utumboni hunasa nyongo na kutoka nayo chooni, na ini likitaka kutengeneza nyongo nyingine huchota lehemu kwenye damu. Bamia na uji wa shayiri hufanya kazi hiyohiyo. Sisi dawa hiyo tulikuwa tunaichemsha vizuri kabisa, halafu tunaimwagia tui zito la nazi mbili! Sasa kitunguu kinakaangwa kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka kiwe cha kahawia, inafuata nyanya na karoti ya kukwaruza, kisha upawa mmoja wa maharage yenyewe unapondwa kwa mwiko na kurudishwa chunguni ili mchuzi uwe mzito. Ukitaka utamu zaidi, tia karanga za kusaga. Watoto walinuna mwanzoni. Siku hizi wanagombea ukoko wa chini.

Supu ya asubuhi yenye mafuta yanayoelea juu nimeiacha, na chipsi za mafuta yaliyorudiwa mpaka yakawa meusi sizigusi. Jioni natembea kwa kasi, jambo linalosaidia zaidi uzito na trigliseridi, yaani mafuta mengine yaliyomo kwenye damu, kuliko LDL yenyewe.

Kahawa nayo ina neno. Ile ya dele huchemshwa bila kuchujwa kwa karatasi, kwa hiyo inabaki na kafestoli, mafuta ya asili ya buni yanayopandisha LDL kwa mtu anayekunywa vikombe vingi kila siku. Nyumbani nachuja. Barazani nakunywa kikombe kimoja, na nikiongezewa nakataa kwa heshima.

LDL yangu ilitoka 4.3 ikashuka hadi 3.5 (milimoli kwa lita). Daktari aliniruhusu kuendelea bila vidonge kwa sababu sina kisukari, sina presha na sivuti sigara. Mdogo wangu, mwembamba kama mwanzi na mlaji wa mboga kuliko mimi, yake ilikuwa juu zaidi na haikusikia chakula wala mazoezi. Wapo wanaorithi hali hiyo, na hao wanahitaji vidonge. Kadhalika aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo asiache dawa zake kwa sababu ya maharage yangu.

Ukibadili mapishi, ngoja miezi miwili mitatu ndipo upime tena. Na usikubali kupewa namba moja ya jumla: omba LDL, HDL (ile lehemu nzuri) na trigliseridi, kila moja na namba yake, na karatasi ya zamani uende nayo.