Kabla hujasema jengo lile lilikuwa gereza

Kila kiangazi huja vijana wawili watatu kufanya staji, yaani mazoezi ya kazi, kwetu tunakopima na kuchora majengo, na wote huja na ugonjwa uleule niliokuwa nao mimi. Wakiona jengo la ajabu, hata gari halijazimwa, wameshasema lilikuwa nini. Hili lilikuwa kanisa, lile lilikuwa kambi ya polisi. Dakika tano baadaye wameshasema pia litakuwa nini: hoteli. Sijui kwa nini huwa ni hoteli kila mara.

Nitawasimulia jengo lililonitibu. Liko upande wa reli hapa Lubumbashi, na mwenye nalo ni mama mjane aliyeachiwa na mumewe. Alitaka kujua mambo mawili tu: lilikuwa la kazi gani, na sasa alifanyie nini. Kwa nje ni ukuta mrefu wa matofali ya kuchoma, bila dirisha hata moja, paa la eternite, yale mabati ya saruji. Milango ni mitatu, minene mpaka uisukume kwa bega. Ndani ni giza. Darini kuna vyuma viwili vilivyopita toka mwanzo wa chumba hadi mwisho, na kwenye vyuma hivyo zinaning'inia kulabu. Sakafu imeinama kidogo kuelekea mfereji wa katikati.

Mzee mmoja jirani alitufuata mpaka ndani, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini: “Mule balikuwa banafungaka bantu, papa.” Yaani humo watu walikuwa wanafungwa. Basi kila kitu kikajipanga kichwani mwangu. Hakuna dirisha, mlango mnene, kulabu, mfereji wa kuoshea. Nikaandika katika ripoti kwamba huenda lilikuwa gereza wakati wa Wabelgiji. Niliandika “huenda”, ila hakuna mtu anayesoma “huenda”. Wiki mbili baadaye mchungaji aliyekuwa tayari kulikodi kwa ibada alirudisha ufunguo: hawezi kuombea watu mahali pa damu. Mama akakosa kodi ya miezi sita kwa neno langu moja.

Naomba mnielewe hapa. Katika mji huu habari ya gereza ni rahisi kuaminika, kwa kuwa mateso yalikuwepo kweli. Mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika vilitenganishwa makusudi kwa ukanda mtupu wa mamia ya mita, na Kamalondo, iliyoitwa Albert zamani hizo, iko ng'ambo ya ukanda huo. Watu wana sababu ya kukumbuka mabaya. Kwa hiyo hadithi inayolingana mno na historia tunayoijua ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi siku hizi, maana inapita mlangoni bila kupekuliwa.

Tulirudi kwa ajili ya vipimo tu. Staja wetu, binti wa mwaka wa mwisho, alikuwa anachora mlango wa pili, akauliza bila hata kuinua kichwa: “Yaya (ndivyo vijana wa hapa wanavyomwita mkubwa wao), ni gereza gani ambalo mfungwa anajifungulia mwenyewe?” Nikaenda kuangalia. Upande wa ndani wa mlango kulikuwa na mkono wa chuma. Ukiusukuma, komeo la nje linaachia. Milango yote mitatu ilikuwa nao. Nilikuwa nimesimama mbele ya chuma kile siku nzima ya kwanza, na nilikipiga picha, sikukiona.

Kuanzia pale tukaanza upya. Mahali ambapo plasta ilidondoka kulikuwa na kitu cheusi, chepesi, kinachomeguka kama mkate mkavu. Siku ya kwanza nilikiita uozo nikapita. Sasa tulikimegua kipande, tukakitia katika ndoo ya maji, kikaelea. Lilikuwa gome la mti ule wanaotengenezea vizibo vya chupa za divai, limebandikwa kwa lami, unene wa kiganja kilichokunjuliwa, ukuta mzima, dari, hata ndani ya milango. Kabla ya povu la plastiki kuenea, gome hilo ndilo lililotumika kuzuia baridi isitoke. Kulabu juu, mfereji chini: nyama. Na mkono wa mlangoni ni wa mfanyakazi aliyefungiwa kwa bahati mbaya, asije akagandia ndani.

Chumba cha pembeni kilimaliza ubishi. Kina kitako cha zege chenye boliti nne kubwa, mashine yenyewe iliondoka zamani, na mabomba ya chuma yanayoingia ukutani. Chuma, katika mji wa shaba! Hapa shaba ilianza kuyeyushwa mwaka 1911, na mpaka leo waya wa shaba ukiuacha nje usiku hauuoni asubuhi. Kwa nini basi fundi wa zamani alitumia chuma? Kwa sababu mashine kubwa za baridi ziliendeshwa kwa gesi kali ya amonia, na amonia inakula shaba. Ndiyo maana mabomba yale yalikuwa bado yapo: wezi wa shaba hawakuwa na haja nayo.

Kuhusu majirani, sikufundishwa shuleni jinsi ya kuwauliza. Mzee wa kofia hakudanganya. Nilimkosea mimi, kwa sababu nilimuuliza hili lilikuwa jengo gani, naye akanipa jibu ambalo mtaa mzima umekubaliana. Siku ya pili tulimkuta mama mmoja mkubwa anauza makala, yaani makaa, pale kona. Hatukuuliza habari za jengo. Tulimuuliza, alipokuwa mtoto, alikuja huku kufanya nini? Akacheka. Walitumwa na beseni kuomba vipande vya barafu, na kuna siku walikimbia kwa sababu ya harufu inayochoma macho, kali kupita banda la kuku. Hakujua kuwa ametutajia amonia. Mtu muulize alifanya nini pale, aliona nini, alisikia harufu gani, nani alimfukuza. Kazi ya kulipatia jengo jina muiache kwenu, muifanye mwisho.

Karatasi nazo hudanganya kwa kunyamaza. Ya mama yule ilisema “magazini”, yaani ghala, basi. Nusu ya mji huu ni magazini. Ukienda kutafuta zaidi, kumbuka kwamba kabla ya 1966 faili zinasema Elisabethville, na barua za watu zinasema E'ville tu. Likasi ni Jadotville, Kalemie ni Albertville. Nimeona staja akirudi kutoka kwenye arshivu akisema hakuna kitu, kumbe alitafuta avenyu kwa jina la leo. Kisha kuna vipindi ambapo mnyororo wa wenye mali hukatika: miaka ya jimbo letu la Katanga kujitenga na Kongo, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, sheria ya Bakajika ya Juni 1966, iliyorudisha ardhi mikononi mwa serikali, na Novemba 1973, Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mali nyingi za wageni zipewe Wazairwa, kama Wakongomani walivyoitwa wakati huo. Ukiona jengo lililokuwa na Mgiriki, Mwitaliano au Myahudi wa kisiwa cha Rhodes kwa miaka mingi, halafu jina likabadilika ghafla karibu na 1974, usishangae. Andika tarehe, uendelee.

Jambo la umiliki lenyewe si letu, lakini msipime kitu kabla hamjaona sertifika ya usajili ya konsevateri, yule ofisa wa serikali anayesajili ardhi. Kwa sheria ya Julai 1973 udongo ni wa serikali. Mkongomani anaweza kupewa haki ya kudumu, mgeni anapewa ya miaka 25 inayoweza kurudiwa, na ni sertifika ndiyo inayothibitisha haki hiyo. Barua ya familia, risiti ya komisioneri, yaani dalali, na maneno ya shemeji havitoshi. Nimewahi kuchora mipango mizuri wiki tatu kwa mtu ambaye, ilionekana baadaye, alikuwa mpangaji.

Sasa mnataka niwape orodha ya dalili. Siwezi, kila jengo lina zake, ila zile zinazonirudia ni hizi. Sakafu inayoshuka polepole kuelekea ukuta mmoja, na juu kabisa ya ukuta wa kinyume vitundu viwili vitatu vya mraba: sinema, na chumba kile cha nyuma kitakuwa na kuta nene na mlango wa chuma, kwa sababu filamu za kabla ya miaka ya 1950 ziliwaka kama petroli. Baraza la zege linalokufika kiunoni bila ngazi: hapo vagoni zilipakuliwa, kwa hiyo chimba kidogo mbele yake, utakuta reli au alama zake. Reli ilifika hapa 1910 ikitokea kusini, na upana wake, milimita 1,067, ni uleule wa Zambia mpaka Afrika Kusini. Ukiona reli nyembamba kuliko hiyo ndani ya uwanja, ilikuwa ya vigari vya kusukuma vya kiwanda. Matofali yenye rangi tofauti katikati ya ukuta ni mlango uliozibwa. Na kilima ndani ya parseli, yaani kiwanja, msikitangaze kuwa kaburi la mtu mkubwa. Vichuguu vyetu vinazidi mita tano kwenda juu, na udongo wake ndio mafundi wa hapa wanaopenda kufyatulia matofali. Nyumba nyingine zimejengwa kwa kichuguu kilichokuwa uani.

Kila dhana iandikeni kwa penseli, na kando yake muandike kitu gani kikionekana kitaiua. Ningeandika siku ile “gereza, itakufa nikikuta mlango unaofunguka kutoka ndani”, ningeenda kuangalia mlango.

Tuje kwenye swali la pili la mama, ambalo ndilo lililokuwa na pesa. Shemeji yake alitaka kutoboa madirisha kumi na mawili, apange vyumba vya kulala wageni. Hoteli, mnaona. Ukitoboa ukuta ule, unakata tofali linalobeba paa na unaacha gome lisilobeba kitu. Tena gome likipata unyevu linaoza, na wageni watalala na harufu yake. Kitu kilichoniogopesha zaidi ni moto. Fundi wa kuchomelea akigusa ukuta ule, cheche inaingia nyuma ya plasta, inaungua taratibu ndani ya gome na lami bila moshi kuonekana, na jengo linawaka usiku watu wote wamekwenda nyumbani. Tuliandika kwa herufi kubwa: hapana kuchomelea ndani. Mabomba nayo yasikatwe na msumeno mpaka mtu anayejua amonia ayafungue, maana hujui kilichobaki ndani. Na eternite za zamani zina asbestosi, nyuzi zinazoharibu mapafu. Isikatwe, isitobolewe, isifagiliwe ikiwa kavu. Iloweshwe, iteremshwe nzima.

Binti yake alitaka kupanda mboga uani. Kwa jengo la upande ule, na bomba refu la moshi la kiwanda linaonekana kutoka mlangoni, nilimwambia apeleke kwanza udongo kupimwa kwenye fakulte ya kilimo ya Unilu, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Upepo wa hapa hutoka zaidi kusini-mashariki, na moshi wa miaka mingi ulimwaga shaba, kobalti na risasi upande wa pili. Kuna sehemu majani yenyewe yalikataa kuota.

Ili kujua jengo linaweza kuwa nini, mimi huuliza mwili wake umezoea kazi gani. Teatri ya mji, iliyomalizika 1956, leo ndiyo Jengo la 30 Juni, na wabunge wa jimbo wanakaa humo. Haikuhitaji kuteswa sana: watu walikaa wakimsikiliza mmoja aliye mbele, na bado wanakaa wakimsikiliza mmoja aliye mbele. (Kama mchezo umebadilika, hilo waulizeni wapiga kura.) Jengo la mama limezoea kuzuia. Linazuia joto, linazuia mwanga, linazuia sauti. Kundi la muziki lilikuja kujaribu, wakapiga ngoma ndani, sisi nje tukasikia kama mtu anagonga mlango wa jirani. Walikuwa na hamu, hawakuwa na pesa.

Mwishowe mama alikubaliana na wafanyabiashara wa samaki wa baridi, wale wanaoleta katoni kutoka Namibia kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Umeme ukikatika, kontena lao la bati lilianza kutoa maji baada ya saa chache. Chumba cha gome, tulipokijaribu kikiwa kimejaa barafu, kilikaa usiku kucha na asubuhi bado kuta zilikuwa na jasho la baridi. Wameweka mashine mpya ya umeme juu ya kitako kilekile cha zege. Boliti mbili kati ya nne zilifaa bila kubadilishwa. Mikono ya milango walitaka kuing'oa ili wezi wasipate urahisi. Tuligombana nao siku nzima, wakaiacha, na sasa kila Jumatatu mtu mmoja anafungiwa ndani kwa dakika moja kuona kama bado inafanya kazi.

Mzee wa kofia hupita kununua samaki. Bado anasema lilikuwa gereza.