Mtoto wa karafuu kwenye kisiwa cha kungumanga

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Ukipata likizo ya wiki 2 katika kisiwa cha Karibiani, utachagua kipi, na utajipanga vipi?" Swali lenu limenikuta na daftari wazi mezani, maana ndiyo kazi ninayoifanya kila usiku nikitoka zamu. Nampeleka mama yangu Grenada, Aprili ijayo, inshallah. Mimi mwenyewe nilikwenda peke yangu Februari 2023, na siku ya tatu tu nikajua kwamba nimekosea kutomchukua yeye.

Nimezaliwa Wete, Pemba, na sasa ni muuguzi Uingereza. Wenzangu kazini wakisikia Karibiani huona mchanga mweupe na mnazi ulioinamia maji. Mtu aliyekulia pwani hana haja ya kuvuka Atlantiki kufuata hayo. Mchanga nimeuacha Vumawimbi, minazi nimeiacha uani kwa bibi. Kwa hiyo sikuanza kwa kuuliza kisiwa kipi kina ufukwe mzuri zaidi. Niliuliza kisiwa kipi kina watu ambao mama atakaa nao kibarazani akawa na la kuzungumza nao.

Mama amechambua karafuu tangu akiwa msichana mdogo. Anakaa kwenye mkeka, fungu limejaa pajani, anazikonyoa kwa kiganja, karafuu huku, makonyo kule, bila kuangalia. Akisikia ngurumo, hata awe katikati ya chakula, anakimbilia majamvi. Mtu kama huyo ukimpeleka kwenye hoteli ya ukuta mrefu, akae kwenye kiti kirefu akiletewa sharubati, siku ya pili atakuuliza tunaondoka lini.

Grenada nao ni watu wa viungo: bendera yao ina kungumanga. Nchi nzima, visiwa vyote pamoja, ni kilomita za mraba 344, haifiki hata nusu ya Pemba. Upande wa magharibi kuna mji wa wavuvi unaoitwa Gouyave, wenyewe hulitamka "Gwaav", na pale barabarani lipo ghala kubwa la chama cha ushirika cha wakulima wa kungumanga, chama kilichoanzishwa mwaka 1947. Unalipa kiingilio kidogo, unazungushwa. Harufu inakupokea kabla hujafika mlangoni. Ndani ni mbao tupu: sakafu ya mbao, ngazi za mbao, na matrei ya mbao yaliyojaa kungumanga zinazokaushwa kivulini kwa wiki kadhaa. Zikishabanguliwa hutiwa majini. Iliyozama ni nzito, inauzwa nzima. Inayoelea ni nyepesi, hutengwa ikakamuliwa mafuta. Magunia yamepangwa hadi juu, jina la nchi yanakokwenda limepigwa kwa rangi kwenye kila gunia.

Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akichagua alinipa tunda bichi lililopasuka. Nyama yake ni ya manjano mpauko kama pera, na katikati imekaa kokwa nyeusi inayong'aa, imekumbatiwa na basibasi nyekundu mbichi kama wavu uliolowa. Miaka yote nimeiona basibasi ikiwa kavu, rangi ya kutu, kwenye kikaratasi cha dukani. Sikuwahi kujua kwamba huanza na wekundu ule. Nikamwambia kwetu basibasi tunaitia kwenye biriani na kungumanga tunaikuna kwenye tambi. Akaniambia wao ile nyama ya nje hawaitupi, wanapikia jamu. Kisha akauliza karafuu zetu tunazianika juani au kivulini. Nikajibu juani, na mvua ikija ni mbio. Akacheka akawaita wenzake waje wasikie. Pale ndipo nilipomkumbuka mama mpaka koo likanikaba.

Basi mpango wetu wote unazunguka siku hiyo moja ya Gouyave, na nimeiweka mwanzoni mwa safari, si mwishoni, ili mama akitaka kurudi mara ya pili na ya tatu tuwe na nafasi. Tutakwenda Ijumaa, kwa sababu Ijumaa jioni wanafunga mtaa mmoja hapo hapo mjini wakachoma na kukaanga samaki hadi usiku.

Mwezi wa kwenda ndio ulionipa kazi. Msimu wa vimbunga Karibiani ni tangu 1 Juni hadi 30 Novemba, na Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ya hatari zaidi. Tiketi za miezi hiyo ni rahisi, lakini kuna sababu. Grenada iko kusini sana, na kwa miaka mingi watu walijiona wako nje ya njia ya vimbunga. Tarehe 7 Septemba 2004 kikaja Ivan, kikaharibu karibu nyumba 9 katika kila 10 na kuing'oa mikungumanga kwa maelfu. Kabla ya hapo kisiwa hicho kilikuwa cha pili duniani kwa kungumanga baada ya Indonesia. Mkungumanga si muhogo kwamba utapanda leo uvune mwakani. Unaupanda, unangoja miaka 6 au 8 ndipo ujue kama ni dume au jike, na dume halizai. Wakulima waliokuwa wazee mwaka 2004 wengi hawakupanda tena.

Mpemba akisikia hadithi hiyo anaielewa mara moja. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha mikarafuu iliyo mingi, Pemba ikasalimika, na tangu hapo sisi ndio tunaoongoza kwa karafuu. Neema yetu ilitokana na msiba wa ndugu zetu wa ng'ambo ya mkondo. Nataka mama awasimulie hilo wale kina mama wa Gouyave, mimi nitatafsiri.

Kiangazi chao ni Januari hadi Mei. Februari na Machi kwa sasa ndimo Ramadhani inamoangukia, na mama hafungi mwezi mtukufu ugenini. Ndiyo maana tumefika Aprili. Anayesherehekea Pasaka aangalie kalenda yake pia, maana siku zile maduka mengi hufungwa.

Sasa njia. Hapa naomba wasomaji mnisikilize vizuri, maana nimelipa ada ya somo hili. Mwaka ule 2023 wakala mmoja wa tiketi aliniuzia safari ya kubadilisha ndege Miami. Mimi natumia pasipoti ya Tanzania. Nilipofika kaunta ya uwanja wa ndege na begi langu, nikaulizwa viza ya Marekani. Nikasema mimi sishuki, napita tu. Marekani hakuna kupita tu: hata kama unangoja ndege saa mbili, lazima upite uhamiaji, na lazima uwe na viza. Nilirudi nyumbani na begi, nikalia kwenye treni, na hela ya tiketi sikuiona tena. Safari ya pili nilikata ndege inayotoka London moja kwa moja kwenda visiwani. Grenada kwenyewe, kwa vile wote tumo katika Jumuiya ya Madola, niligongewa muhuri pale pale bila viza. Anayetoka Dar, Nairobi au Kampala aanze na swali hili kabla ya kuangalia bei: ndege inapita nchi gani, na nchi hiyo inataka nini kwa pasipoti yangu? Uingereza nayo inawataka Watanzania na Wakenya viza ya kupitia hata bila kutoka uwanjani. Waulizeni wenyewe ubalozini, sheria hizi hubadilika. Mama atakuja kwangu kwanza kwa viza ya matembezi, apumzike wiki nzima, ndipo tuvuke pamoja. Magoti yake hayawezi kuunganisha safari zote mbili. Na kadi ya njano ya chanjo asiiache kabatini.

Malazi tumechagua nyumba yenye jiko. Hapa dada yangu alinipinga, alitaka mama apikiwe, apumzike. Lakini namjua mama. Chakula chao cha taifa kinaitwa "oil down", na nilipokiona kikipikwa nilitaka kupiga kelele: ni shelisheli! Shelisheli la nazi! Wanapanga sufuria kwa tabaka, shelisheli, majani ya majimbi, maandazi ya unga yaliyosokotwa kama vidole, manjano, halafu tui zito, moto wa taratibu mpaka tui lote linywewe na mafuta yabaki chini. Ndiyo asili ya jina lenyewe. Manjano wao wanaiita zafarani, msibabaike. Tofauti ni kwamba wengi hutia mkia wa nguruwe uliotiwa chumvi, kwa hiyo Mwislamu asione haya kuuliza. Ukiagiza mapema wanakupikia kwa samaki wa chumvi au kuku. Mama atakipika mwenyewe, na najua atasema tui lao jepesi.

Shelisheli lile lina historia chungu. Waingereza walilileta Karibiani kutoka Tahiti mwaka 1793, ili wapate chakula cha bei ndogo cha kuwalisha watumwa mashambani. Mashamba yetu ya karafuu nayo yalianza kwa mikono ya watumwa. Sitaki kwenda kule nikajifanya sijui.

Kuna na jambo jingine linalotaka adabu. Uwanja wa ndege wa Grenada una jina la Maurice Bishop, waziri mkuu wa mapinduzi yao ya 1979, aliyeuawa ngomeni St. George's tarehe 19 Oktoba 1983, siku 6 kabla ya majeshi ya Marekani kutua. Mzee mwenye nyumba niliyokaa alishusha sauti alipofika hapo, kama wazee wetu wanavyoishusha wakifika 1964. Nikanyamaza naye.

Vitu vidogo vidogo ni rahisi. Plagi zao ni zile zile za mashimo matatu kama kwetu. Magari yanapita kushoto. Daladala zipo, zinapiga honi kukuita, zinajaa kitako kwa kitako, ila Jumapili ni chache sana, kwa hiyo siku hiyo tumeiandika "kukaa nyumbani". Dola yao imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 2.70 tangu 1976. Ukitajiwa bei ya teksi uliza ni dola ipi, kabla hujapanda. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi usibebe, raia haruhusiwi kuzivaa, hata mtoto.

Siku 2 tumeziweka kwa Carriacou, kisiwa cha jirani, kwa boti. Kimbunga Beryl kilikipiga tarehe 1 Julai 2024 na karibu kila nyumba iliumia, kwa hiyo tunakwenda tukijua watu bado wanajenga, na hela yetu tunataka ilale kule. Huko bado wanapiga ngoma kuu ya kuwaita wazee waliotangulia, kila taifa la Afrika na mdundo wake, na mojawapo wanaliita Kongo. Ufukwe wa Grand Anse tutaupitia jioni moja, mama atie miguu.

Lililobaki ni mzigo wake. Jana usiku amenipigia kuniambia ameshafunga kilo moja ya karafuu, daraja la kwanza, ameichagua punje kwa punje kwa ajili ya "wale wanawake wako". Nikamwambia mama, wenzetu nao wanapanda karafuu, na forodhani wana sheria za mazao, ngoja niwaandikie idara yao ya kilimo kwanza. Akasema, "Waandikie, mwanangu. Waambie ni za Pemba." Barua nimeituma leo asubuhi.

Msomaji wenu,
Mpemba wa Uingereza