Usisaini hiyo barua ya uamidi kabla hujasoma hapa

Mkuu mleta mada, weka kalamu chini kwanza. Umesema una PhD ya tiba ya michezo, una wakimbiaji unaowafuatilia na msimu haujaisha, halafu chuo kimekuita ukaimu uamidi, yaani ukuu wa kitivo. Umeuliza ukubali au la, posho ikoje, na kama uihamishe familia. Wachangiaji huko juu wanakumwagia hongera. Mimi yangu naibana kwanza.

Cheo chukua, lakini si kwa barua hiyo uliyotubandikia. Imejaa majukumu yako, na utafiti wako haujatajwa hata kwa mstari mmoja. Mimi barua ya namna hiyo hiyo niliisaini mbele ya profesa wangu mmoja, mzee wa maneno laini, akaniambia, "Data zitaendelea kuja tu, vijana wapo." Vijana wapo! Kumbe mwenzangu alikuwa anatafuta mtu wa kumbebea vikao ili astaafu salama. Siku hizi tukikutana misibani ananiuliza ile makala ilitoka jarida gani.

Sikia sasa. Nilikuwa nafuata zile hatua nne za utafiti wa kuzuia majeraha ya michezo, za Willem van Mechelen na wenzake za mwaka 1992, najua unazo kichwani: pima ukubwa wa majeraha, tafuta chanzo, weka kinga, kisha rudi upime vilevile ulivyopima mwanzo. Kinga nilishaweka, mazoezi ya kuimarisha mashavu ya miguu na kano ya kisigino, kwa wakimbiaji wa kambi za Arusha. Kila Jumapili walijibu kwenye simu yale maswali manne ya kituo cha utafiti wa majeraha ya michezo cha Oslo, Norway, yaliyotoka 2013: ulipata shida kushiriki mazoezi? Ulipunguza mazoezi? Kiwango kilishuka? Ulisikia maumivu? Uzuri wake, yanamnasa hata anayekimbia huku anachechemea. Mkimbiaji wetu ukimuuliza "umeumia?" atakujibu yuko fiti, na hapo anashuka ngazi kinyumenyume.

Nilipokalia kiti, Jumapili zangu zikawa za kusoma makabrasha ya Seneti ya chuo. Vijana walituma maswali kama kawaida. Aliyejibu aliingizwa, asiyejibu aliachwa wazi, hakuna aliyempigia simu. Huko juu mimi naletewa grafu, majeraha yanashuka kila mwezi! Nikaipeleka kwenye mkutano, nikapigiwa makofi, nikaanza kujiona mkombozi wa visigino vya taifa.

Mhakiki wa jarida nililolipelekea makala akauliza kitu kimoja: walioacha kujibu wako wapi?

Nikamwita msaidizi na orodha yake, tukaanza kupiga simu. Mmoja yuko Mbulu analima, kano ilimshinda. Mwingine yuko Babati anaendesha bodaboda, naye ni kisigino hichohicho. Wengi namba hazipatikani kabisa. Mtu akiumia atakaa kambini ale nini? Anarudi kwao, anabadilisha laini, na kwenye jedwali langu anasomeka "hakujibu". Waliobaki wakijibu ni wazima. Ina maana grafu yangu ilikuwa inahesabu waliobaki kambini, nami naisoma kana kwamba inahesabu majeraha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari langu lilikuwepo, mwenye daftari alikuwa kwenye kamati ya manunuzi. Na hilo halizibiki baadaye. Huwezi kumuuliza mtu leo kano yake ilimuumaje Jumapili ya miezi sita nyuma. Kibali cha maadili ya utafiti nacho kilikuwa kimekwisha muda na hakuna aliyekumbuka kukihuisha. Makala nikaiondoa. Mfadhili hakunitukana, alinyamaza tu, na ruzuku ya awamu ya pili ikaenda kwa wengine.

Halafu asije mtu hapa na "mbona wakubwa waliweza". Wildor Hollmann wa Cologne, Ujerumani, alianzisha taasisi yake ya utafiti wa mzunguko wa damu na tiba ya michezo mwaka 1958, urekta, yaani ukuu, wa chuo kikuu cha michezo cha huko akaushika 1969 hadi 1971. Hesabu mwenyewe hiyo nafasi. Alikwenda kwenye kiti maabara ikiwa imeshasimama imara, na alipotoka aliikuta. Caroline Finch wa Australia naye alitoa kiunzi chake cha TRIPP, cha kuutoa utafiti wa kinga ya majeraha kwenye makaratasi hadi uwanjani, mwaka 2006, akaongoza kituo kizima cha utafiti wa kinga ya majeraha, ndipo akaja kuwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo upande wa utafiti pale Chuo Kikuu cha Edith Cowan. Walipanda na timu nyuma yao. Wewe una laptop na vijana wawili wa mkataba, tena mkataba wenyewe unaisha Desemba.

Kwa hiyo rudisha barua, na waandike. WAANDIKE. Siku ambazo hupangiwi kikao ziwe na majina, Jumanne na Alhamisi, si "muda wa kutosha". Awepo mtafiti anayelipwa na chuo, kazi yake ya kwanza kila wiki kuwasaka wasiojibu mpaka wapatikane. Iwepo likizo ya utafiti ukimaliza, na tarehe ya mwisho ya huo ukaimu, maana watu wanazeekea kwenye ukaimu. Wakikwambia "hayo tutayaweka sawa ukishaingia", ondoka na kalamu yako, hata kama ni ya kwao.

Hujasema pia, Jumapili iliyopita wangapi hawakujibu, na nani amewapigia? Jibu hilo kwanza.

Posho ipo, inatosha dawa za presha. La familia nitarudi baadaye. Naandika haya katikati ya kikao cha samani za ukumbi, watu wameanza kunitazama, na mwenyekiti ni mimi.