Fero, ferre, tuli, latum: kwa wanaoanza Kilatini

Ukifika kwenye kitenzi fero, usikimbilie jedwali la mnyambuliko. Kariri kwanza sehemu zake nne (nabeba, kubeba, nilibeba, na supino, yaani shina la "iliyobebwa") kwa sauti, mpaka ukitaja ya kwanza nyingine zijifuate zenyewe: fero, ferre, tuli, latum. Maana ni kubeba, kuleta, na pia kuvumilia. Nasisitiza hili kwa sababu kamusi hupanga vitenzi kwa sehemu ya kwanza. Ukikuta attulit, "alileta", kwenye matini, maelezo yake yako chini ya affero, yaani fero yenye kiambishi ad-, na asiyezijua sehemu nne atapekua kurasa bure.

Vitabu vingi vya shule husema tu kwamba kitenzi hiki "hakifuati kanuni", kisha vinapita. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, nami naona si haki, maana sababu ipo na inaeleweka. Hapa kuna mizizi miwili. Wa kwanza ndio uliozaa fero, na ndugu zake ni pherō ya Kigiriki na bharati ya Kisanskriti. Bh ya kale mwanzoni mwa neno iligeuka f katika Kilatini, kama frater, kaka, alivyo bhrātā kwa Kisanskriti. Mzizi wa pili ulimaanisha kuinua. Ndio uliotoa tuli, ambayo kwa Plautus, mwandishi wa kale wa tamthilia za Kirumi, bado inaonekana kama tetuli, na ndio uliotoa latum, ambayo wataalamu huirudisha kwenye tlatum iliyodondosha t. Kwa hiyo tuli na latum ni ndugu wa damu, ingawa hazifanani hata kidogo. Mgeni hapo ni fero.

Mzizi huo wa pili unao pia katika tollo, kuinua au kuondoa. Aliyesali Misa ya Kilatini amekwisha kuutamka: Agnus Dei, qui tollis peccata mundi, yaani uondoaye dhambi za dunia.

Fers (unabeba), fert (anabeba) na amri fer (beba), zisizo na irabu ya kati, hazitakusumbua sana. Nguvu zako zipeleke kwenye viambishi awali: aufero, abstuli, ablatum (kuondoa); offero, obtuli, oblatum (kutoa); confero, contuli, collatum (kukusanya). Andika kila kundi kwenye kadi yake.

Kisha fungua Vita vya Gallia vya Kaisari. Sentensi ya pili tu inakungoja na differunt, "hutofautiana". Hicho ni kitenzi differo, yaani fero yenye kiambishi dis-. Angalia pia sehemu zake nyingine, distuli na dilatum: huko maana ya kutofautiana haipo tena, utakuta kutawanya na kuahirisha.