Wingu jeusi la Hiroshige: kifo, au mvua tu?

SWALI: Nina picha ya chapa ya ubao wa kuchongwa ya Hiroshige, mchoraji wa Japani, ile ya watu wanaokimbia mvua darajani. Nimesoma kwamba wingu jeusi ni kifo, daraja ni njia ya ahera, na mtu wa kwenye chelezo ndiye anayevusha roho. Lakini wingu la nakala yangu ni la kijivu hafifu. Je, maana inabadilika? Kuna pia aliyenishauri niipige pasi kuondoa mikunjo.
Msomaji, Tanga

JIBU: Pasi, hapana. Joto na uzito hulaza nyuzi za karatasi ya mforosadi na kufuta alama za kubonyea zilizoachwa na ubao. Mvuke nao huchuruzisha rangi. Mikunjo midogo iache ilivyo.

Sasa hizo roho. Jina la picha limeandikwa juu kulia, kwenye kipande kilicho jirani na kile chekundu chenye jina la mfululizo: yudachi ya Ohashi (ndilo daraja) na Atake (ukingo wa ng’ambo). Yudachi ni mvua ya ghafla ya jioni, ya majira ya joto. Inanyesha kwa kishindo, inalowesha watu, inapita. Mchoraji amekwisha kukuambia hali ya hewa, majira na mahali: mto Sumida, Edo (Tokyo ya leo), mwaka 1857. Anayetafsiri picha bila kusoma jina lake anapiga ramli.

Wajapani wa Edo walipotaka kuchapa kifo, hawakukificha kwenye wingu. Walikuwa na picha maalumu za maombolezo, shini-e: marehemu mara nyingi huvikwa nguo za buluu hafifu, hushika tasbihi ya Kibuddha, na tarehe ya kufa huandikwa waziwazi. Hiroshige mwenyewe alipofariki mwaka 1858, alitengenezewa moja na mchoraji mwenzake Kunisada. Zile orodha za maana za rangi, “nyeusi ni kifo, buluu ni huzuni” hazijui hata kwamba kitu hicho kipo.

Wingu lako ni la kijivu kwa sababu ya mkono wa mchapaji. Ukingo wa wingu haukuchongwa. Mchapaji hulowesha ubao, hupaka wino kwa brashi, huuacha usambae kwenye maji, kisha huweka karatasi na kuisugua kwa baren, kisuguo bapa cha mkononi. Kila nakala hutoka na wingu lake. Akiwa na haraka, au akichapa nakala za baadaye za kuuza kwa wingi, mfifio huwa mwembamba au mkavu. Hapo kinachosomeka ni ubora wa uchapaji. Maana ya picha iko palepale.

Hisia ya picha hii imejengwa na mistari. Daraja limeinama upande mmoja, ukingo wa ng’ambo umeinama upande wa pili, kwa hiyo jicho halipati mstari wa kutulia. Mvua imechongwa kwenye mbao mbili, mistari yake ikipishana kidogo kwa pembe. Ndiyo maana inaonekana kupiga badala ya kuning’inia. Watu wamejikunja chini ya miavuli na jamvi, nyuso hazionekani. Mwenye chelezo, na koti lake la majani, anaendelea na upondo wake. Ni fundi wa magogo yuko kazini.

Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, aliinakili kwa rangi za mafuta mwaka 1887, akaizungushia fremu ya maandishi ya Kijapani aliyoyatoa kwenye picha nyingine, kwa urembo tu. Hata hayo wapo wanaoyauza kama siri.

Na hapo ndipo hatari ilipo: hadithi ya roho huongeza bei. Muuzaji akianza na ishara kabla ya kukuonyesha karatasi, geuza picha. Nyuma ya chapa ya mkono utaona rangi iliyopenya na mikwaruzo ya baren. Kisha tumia lenzi ya kukuza mara 10: ukikuta vidoti vidogo vya rangi vilivyojipanga, hiyo ni ya mashine. Pima pia, karatasi ya chapa hii hukaribia sentimita 36 kwa 24, japo nyingi zimepunguzwa kingo. Mistari ya mvua iliyokatikakatika au kunenepa huonyesha ubao uliochoka. Fanya hivyo kwenye mwanga hafifu wa pembeni, picha ikiwa imelala mezani, mbali na dirisha.